Hesabu ilitimia, mtoto akabaki ndani ya basi la shule: yaliyonikuta Garsen

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa bara, wa pwani, na ndugu zetu wa upande wa pili wa mpaka ambao najua ndio wengi humu saa hizi.

Mimi huwa nasoma tu humu, siandiki. Lakini juzi kuna mtu alifungua uzi akiuliza mabasi ya shule yanawalindaje watoto, na majibu yakawa mikanda, rangi ya njano, spidi gavana.

Yote kweli. Ila mimi nimefanya kazi ndani ya basi hilo, na kuna kitu hakuna aliyekitaja. Nakijua kwa sababu nilikikosea mwenyewe.

Nitasimulia kama ilivyokuwa, hata pale panaponiaibisha. Nimebadilisha majina ya watu tu.

Kwa wasiojua huku kwetu: Garsen ni mji mdogo karibu na Mto Tana, jirani na pale barabara ya Malindi inapogawanyika, mkono mmoja ukielekea Lamu na mwingine ukipanda Hola. Ni nchi ya joto. Asubuhi saa tatu jua limeshakaa mabegani mwako kama mzigo.

Na ni nchi ya mkulima na mfugaji. Mkulima yuko kando ya mto na mpunga wake na migomba yake. Mfugaji anafuata majani.

Mimi ni wa mkulima, Mpokomo wa Wenje. Nilirudi nyumbani na shahada ya fasihi na nusu ya riwaya ndani ya daftari, kazi sina. Shule moja ya binafsi ya Garsen ikatangaza inataka matron wa basi, yule anayewapokea watoto mlangoni na kuwashusha. Matron, nina miaka ishirini na sita na sijazaa! Lakini nilipiga hesabu ya muda nikaona kazi inaisha saa mbili asubuhi, mchana wote ni wangu na daftari, saa tisa narudi kuwapeleka watoto kwao.

Nikasema hii ndiyo.

Dereva alikuwa Mzee Kazungu, Mgiriama wa Tarasaa, mtu wa mizaha asiyejua kunyamaza. Aliposikia naandika kitabu akanibatiza Profesa, na tangu siku hiyo sikuwa na jina lingine ndani ya gari lile.

Siku ya kwanza alinitembeza ndani ya basi kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba yake.

"Profesa, hili gari lilijengwa na watu waliomfikiria mtoto. Shika hiki kiti. Mgongo mrefu, sponji mbele na nyuma. Nikikanyaga breki ghafla, mtoto anagonga sponji, hagongi chuma."

Akanionyesha mkanda wa kila kiti. Akanionyesha mlango wa dharura kule nyuma, na mpini wake mwekundu. Akagonga bodi kwa nje: "Na hii njano, hata ng'ombe wa huku wameizoea, wananipisha kuliko wanavyompisha chifu."

Halafu akaacha mzaha. "Lakini haya yote ni ya barabarani. Gari likisimama, kilichobaki cha kumlinda mtoto ni wewe."

Niliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

Fomu niliyopewa ilikuwa na mistari miwili tu. Walioingia, wangapi. Walioshuka, wangapi. Majina yalikuwa kwenye rejista za darasani, basini kulikuwa na namba.

Tulianzia Tarasaa, tukawa tunaokota watoto njiani hadi Garsen. Kituo kimoja tulikiita Tangini, kwa sababu kuna tangi la maji la zege kando ya barabara. Ndani kidogo ya vichaka vya mathenge, ule mti wa miiba, kuna boma la Waorma, ambao ni wafugaji, na kutoka boma hilo alipanda mtoto mmoja tu, Hawo. Miaka mitano, mwembamba, macho makubwa ya kuuliza. Ndiye msichana wa kwanza wa ukoo wake kuvaa sare ya shule.

Mama yake alimleta mwenyewe kila asubuhi, amemshika mkono, na mkono wa pili dumu la maziwa ya kupeleka kuuza Garsen.

Siku yangu ya kwanza pale Tangini nilisimama mlangoni, nikanyoosha kidole kwa Hawo, nikasema kwa sauti, "Ishirini na mbili."

Yule mama akanishika kidole. Alikishika kweli, akakishusha chini.

"Wewe! Hapana hesabu mtoto yangu. Hii si mbuzi ya mnada. Mtoto naitwa jina. Ita jina, halafu chukua."

Mzee Kazungu akacheka hadi usukani ukatikisika.

"Profesa, hawa watu hawahesabu watoto wala ng'ombe kwa mdomo. Wanasema unaliita jicho baya. Hukufundishwa hiyo chuoni?"

Nilifundishwa nyumbani, kusema ukweli. Bibi yangu kule Wenje naye hakupenda mtu awahesabu wajukuu wake. Basi sikubishana. Nilimwomba mama radhi, na tangu siku ile sikunyoosha kidole tena wala sikutamka namba. Nikawa nahesabu kimoyomoyo, mtoto akipita mlangoni, moja, mbili, tatu, mdomo umefungwa.

Nilijiona mtu wa heshima sana.

Wakuu, shikeni hapa. Yule mama aliniomba vitu viwili. Nisihesabu, na niite jina. Mimi nilimpa nusu. Nilificha namba, jina nikaliacha. Miezi mitatu mizima nilimpokea mtoto wake na sikumbuki kama nililitamka jina la Hawo zaidi ya mara tano.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa Ijumaa ya kiangazi kikali. Ijumaa ni siku ya usafi shuleni, kila mtoto mkubwa anakuja na ufagio, na watoto wa Tarasaa walikuwa wamejaza mafagio yao ya miyaa kwenye viti vya mbele. Viti vya mbele ni vya wadogo. Nilijua hivyo. Lakini tulikuwa tumechelewa, sikutaka kuanza kupanga mafagio.

Tangini, Hawo alipanda huku anapiga miayo. Mama yake akanieleza kuwa ndama aliumwa usiku, nyumba nzima haikulala. Nikampeleka Hawo hadi kiti cha pili kutoka nyuma, nikamfunga mkanda. Nafikiri alilala kabla hatujalipita tangi.

Karibu na Minjila gari likaanza kuvuta upande. Mwiba wa mathenge. Watu wa huku mnaujua, unapita kwenye tairi kama sindano kwenye leso. Upepo ulikuwa unatoka polepole. Mzee Kazungu akashuka, akatazama, akarudi.

"Tunafika. Lakini nikiwashusha tu naenda kwa fundi wa pancha, la sivyo jioni tutalala hapa tunaimba."

Tulifika shuleni kengele ya gwaride inalia. Watoto wakashuka kwa vurugu, mafagio yakichomana mbavu. Mimi nahesabu kimoyomoyo.

Na hapa lazima niseme lile ambalo sikulisema kwa mtu yeyote kwa wiki nyingi. Akili yangu haikuwa pale. Tangu Minjila nilikuwa nimepata sentensi ya kitabu changu, nimeitafuta mwezi mzima, na nilikuwa nairudiarudia kichwani isinitoroke kabla sijafika kwenye daftari. Nusu yangu ilikuwa inahesabu watoto, nusu inabembeleza sentensi.

Salome wa darasa la nne akashuka. Nikamhesabu. Akakumbuka chupa yake ya maji, akapanda tena, akashuka tena. Nikamhesabu tena. Sikumwona kuwa ni Salome. Niliona kichwa kinapita.

Thelathini na moja waliingia. Thelathini na moja walishuka.

Hesabu ilitimia.

Kanuni ya shule ilisema watoto wakishuka nitembee hadi kiti cha mwisho. Mimi nilisimama kwenye ngazi ya mbele, nikatazama ndani. Ile migongo mirefu ya viti, yenye sponji, iliyowekwa imkinge mtoto, ilisimama kama ukuta mstari kwa mstari. Nyuma yake sikuona kitu.

"Tumemaliza, mzee," nikasema.

Akaondoka na gari.

Nilikwenda nyuma ya jiko la shule, kwenye benchi langu, nikafungua daftari nikaandika ile sentensi. Msiniulize ilisemaje. Nimeirarua.

Darasani mwalimu wa chekechea aliita rejista, Hawo hakuitika. Akaandika hayupo. Hakumpigia mtu simu, na simlaumu hata kidogo. Kiangazi familia za wafugaji huhama, mtoto anaweza kukosekana wiki mbili, anarudi mvua zikianza na hakuna anayeshangaa. Ndivyo tulivyozoea kuishi.

Saa tatu na nusu hivi, mama Hawo akaingia getini. Alikuwa ameuza maziwa yake sokoni, amebakisha kidogo ndani ya kibuyu, amletee mwanawe wakati wa mapumziko kwa sababu asubuhi hakunywa kitu. Alikwenda darasani. Akaambiwa mtoto hakuja leo.

Aliletwa kwangu na mpishi. Niliinua kichwa kutoka kwenye daftari nikamwona amesimama mbele yangu.

"Mwalimu wa gari, Hawo iko wapi?"

"Darasani, mama."

"Darasani hakuna. Mimi natoka huko."

"Labda chooni. Walishuka wote, mama. Mimi mwenyewe niliwa..." Nikakwama. Sikuweza kulitamka neno hilo mbele yake.

Hakupandisha sauti. Laiti angepiga kelele. Alinitazama machoni, akauliza polepole, kama mtu anayemuuliza mtoto, "Uso yake unaona? Ikishuka gari, uso ya Hawo unaona?"

Nililifunga daftari.

Namba nilikuwa nayo. Uso sikuwa nao. Niliwapitisha watoto wote wa asubuhi ile kichwani, nikawaona wachache, na Hawo hakuwemo. Nilimwona mahali pamoja tu, kiti cha pili kutoka nyuma, nimemfunga mkanda, kichwa kimelalia dirishani.

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka kibuyu kikianguka na maziwa yakiingia kwenye vumbi.

Simu ya Mzee Kazungu iliita bila kupokelewa. Nikaita tena. Tukapanda bodaboda moja, mwenye bodaboda, mimi na mama Hawo, na njia nzima yule mama aliomba dua mgongoni kwangu, pumzi yake naisikia shingoni. Mimi nilikuwa nasema neno moja tu, nadhani kwa sauti, dirisha, dirisha, dirisha. Kwa sababu Mzee Kazungu akiegesha gari hufunga madirisha yote. Vumbi la Garsen likiingia kwenye viti halitoki.

Kwa fundi wa pancha mashine ya upepo ilikuwa inanguruma. Ndiyo maana simu haikusikika. Basi limeegeshwa juani, tairi moja limetolewa, madirisha yamefungwa yote. Mzee Kazungu yuko kibandani na kikombe cha chai.

"Profesa! Umenifuata hadi..."

"Fungua gari! Fungua!"

Mama Hawo alikuwa ameshafika mlangoni, anaupiga kwa viganja vyote viwili.

Mlango ulipofunguka joto lilitupiga usoni kama la tanuri. Nilikimbia hadi kiti cha pili kutoka nyuma.

Hakuwepo.

Mkanda umefunguliwa. Chini ya kiti kulikuwa na viatu vyake, vimepangwa pamoja, kimoja kando ya kingine, kama mtu anavyovivua mlangoni kwa heshima. Sijui kwa nini alivivua. Hadi leo nikifunga macho naviona.

Mama yake ndiye aliyemwona. Alikuwa amelala sakafuni nyuma kabisa, chini ya mlango wa dharura, mkono mmoja umeinuliwa umeegemea mlango. Ule mpini mwekundu ulikuwa juu mno. Hakuufikia.

Alikuwa amelia. Machozi yalikuwa yamekaukia kwenye vumbi la mashavu. Ile mashine ya upepo ilimeza sauti yake, hatua kumi kutoka kwa watu wazima watano.

Bado alipumua. Haraka haraka, juu juu, ngozi yake ya moto na kavu.

Tulimtoa nje hadi kivulini. Fundi wa pancha alikuwa na karai la maji, lile la kutumbukizia tyubu kutafuta tundu, maji meusi ya mpira na kutu. Mama Hawo akavua leso yake ya juu, akaitumbukiza mle, akamfunika mtoto mwili mzima. Akaichovya tena. Na tena. Mzee Kazungu akawa anapepea kwa kipande cha katoni, anasema, "Mwanangu, mwanangu, amka mwanangu," na kofia yake imeanguka karaini hajui.

Mfanyabiashara mmoja Msomali alikuwa hapo na pikapu yake imebeba magunia ya sukari, anasubiri zamu. Hakuuliza kitu. Aliwasha gari akapiga kelele, "Pandeni! Juu ya sukari, pandeni!"

Hospitalini walimtundikia maji. Tulikaa nje kwenye sakafu, mama yake na mimi. Mikono yangu ilikuwa inanuka mpira.

Kabla ya adhuhuri nesi alituita. Hawo alikuwa amefungua macho. Alitazama dari, akatazama ile chupa ya maji iliyoning'inia, akamtazama mama yake, akauliza kwa sauti ndogo iliyokauka:

"Tumefika?"

Nilitoka nje. Mzee Kazungu alikuwa amekaa kwenye ngazi, analia kama mtu aliyefiwa. Tukalia wote, Mgiriama na Mpokomo, watu wanatupita.

Wakuu, hamjaona bado lililoniogopesha zaidi.

Alasiri wakaja hospitalini wajomba zake Hawo, wanaume watatu na fimbo zao za kuchungia. Mjini maneno yalikuwa yameshatembea, na maneno yakitembea huku hubadilika. Yalipofika sokoni yalikuwa yanasema Mpokomo amemfungia mtoto wa Mworma ndani ya gari. Mnaijua historia yetu ya mkulima na mfugaji, na damu iliyomwagika. Sitaichokonoa hapa.

Walizungumza na dada yao kwa Kiorma, sauti zinapanda. Nilisikia "gari", nilisikia "shule". Mmoja alininyooshea fimbo.

Mama Hawo alijibu kwa Kiorma, kisha, nadhani ili nami nisikie, akasema kwa Kiswahili, "Yeye nasahau. Hapana kusudi. Mtu inasahau, hata mimi nasahau ndama porini. Kaeni chini."

Wakakaa chini.

Shuleni nilitakiwa kuandika maelezo. Kuna mtu, simtaji, aliniambia niandike kwamba mtoto alijificha chini ya kiti. Ingeaminika. Ni watoto, hujificha. Nilishika kalamu. Halafu nikaandika kwamba nilimhesabu Salome mara mbili, kwamba sikutembea hadi nyuma, kwamba akili yangu ilikuwa kwingine. Mwalimu mkuu aliisoma, akavua miwani, akaniambia niende nyumbani nisubiri kuitwa.

Nilikwenda Wenje nikijua kazi imeisha. Kazi haikuniuma. Lililoniuma ni habari niliyoletewa na Mzee Kazungu kwa simu: baba yake Hawo, aliyekuwa mbali na ng'ombe, ametuma neno. Mtoto asirudi shule. Shule ilitaka kumla, imetosha.

Msichana wa kwanza wa ukoo, na mlango wake nimeufunga mimi.

Wiki ya pili nikaitwa. Nilimkuta mama Hawo ofisini, amekaa kwenye kiti cha wageni, mgongo wima. Mwalimu mkuu alikuwa anamweleza kuwa shule itatafuta matron mpya, mwenye uzoefu, na kwamba basi limeshawekewa utaratibu mpya.

Akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akaninyooshea kidevu.

"Mpya sitaki. Mpya iko na kichwa nyepesi, itasahau. Hii," akanitazama, "hii haiwezi sahau tena. Mimi nataka hii."

Mwalimu mkuu akaniangalia.

"Na mimi napanda gari," akaongeza. "Mpaka moyo yangu inakubali."

Nilimuuliza kuhusu baba Hawo. Akasema, "Baba yake iko na ng'ombe. Mtoto iko na mimi."

Mwalimu mkuu alikubali, basi akapanda. Siku nane za shule, asubuhi na jioni, na dumu lake la maziwa katikati ya miguu, kiti cha nyuma kabisa, Hawo pajani kwake. Mkanda mmoja hautoshi wawili, nikawatenganisha, mama akagomba kisha akakubali.

Basi zima likawa linanuka maziwa yaliyofukizwa moshi. Watoto walimpenda. Alimkemea Mzee Kazungu kila tukipita Minjila.

"Wewe mzee, nani nakufukuza?"

"Mama, kuna mashine humu inazuia mwendo. Hata nikitaka siwezi kukimbia."

"Basi mdomo yako pia iwekewe mashine."

Watoto walicheka hadi Garsen.

Ni katika siku hizo nane nilipojifunza kazi yangu. Jioni moja, watoto wengi wameshashuka, nilimuuliza: nyinyi hamhesabu, sasa ng'ombe akipotea mnajuaje?

Aliniona mjinga, lakini kwa huruma.

"Jioni ng'ombe narudi, mimi nasimama mlango ya boma. Naangalia moja moja. Hii nyekundu ya pembe moja, hii mama ya yule mweupe, hii ile natembea vibaya. Nikimaliza, ile uso sijaona, hiyo ndiyo imepotea. Wewe nahesabu, unajua ngapi. Hujui nani."

Nikakaa na hilo hadi nyumbani.

Sasa tunafanya hivi. Kila mtoto akipanda naita jina lake, namtazama usoni, naye anaitika kwa kutaja jina langu la kazi, "Naam, matron." Akishuka, naita tena, ananitazama tena. Orodha ya majina iko mkononi mwangu, na mwalimu wa kila darasa anapata nakala yangu kabla ya gwaride. Mtoto ambaye nimemwita basini asipoonekana darasani, simu inapigwa papo hapo, kiangazi au masika.

Wadogo wanakaa mbele, hata mafagio yaje ya kijiji kizima.

Na nyuma kabisa, kwenye mpini ule mwekundu, asubuhi Mzee Kazungu anafunga kitambaa. Hachomoi ufunguo hadi nimletee kitambaa hicho mkononi. Ili nikifikie lazima nitembee hadi mwisho, na nikitembea naweka kiganja kwenye kila kiti na kuinama chini yake. Mpini nao umeongezewa kamba, inaning'inia hadi kimo cha mtoto wa miaka minne, na kila mwanzo wa muhula tunawafundisha wote kuivuta na kupiga honi. Siku ya mafundisho ya honi Garsen nzima hujua.

Hayo ni mambo madogo. Hayagharimu kitu. Mkanda na sponji na rangi ya njano vimetengenezwa kiwandani, lakini hiki cha mwisho hakiuzwi pamoja na gari.

Hawo alichukua muda. Siku za mwanzo gari likipunguza mwendo tu aliruka kutoka kwenye kiti akimbilie mlangoni. Sikumkataza. Nilimshika mkono tukasimama pamoja, yeye wa kwanza kushuka. Bado ni wa kwanza kushuka.

Siku ya tisa, pale Tangini, gari likasimama kama kawaida. Nikafungua mlango, nikaita, "Hawo."

Akapanda ngazi, akanitazama, akaitika.

Nikamsubiri mama yake apande na dumu lake. Hakupanda. Alibaki chini, miguu yake kwenye vumbi, anatutazama.

"Mama, tunakusubiri," Mzee Kazungu akasema.

"Enda. Mimi leo napanda bodaboda." Halafu akanigeukia mimi. "Wewe. Jina yako nani?"

Wakuu, hebu oneni. Miezi mitatu na ushei alikuwa amenikabidhi mwanawe, tumekaa sakafu moja ya hospitali, na kwake mimi nilikuwa mwalimu wa gari. Sikuwahi kumwambia jina langu. Hakuwahi kuuliza.

Nikamwambia.

Akalirudia polepole, mara mbili, analionja mdomoni kama asiye na haraka. Akanitazama usoni kwa muda, paji, macho, kidevu, vile ambavyo sasa najua wanavyotazama.

"Sawa," akasema. "Sasa nakujua. Chukua mtoto."

Ndiyo hayo, wakuu. Nimekosea, nimesamehewa, na kila asubuhi bado nikifika kiti cha mwisho nainama mara mbili. Nimeamua nisiache.

Wenye mabasi, walimu, madereva humu, nielezeni kwenu mnafanyaje gari likishasimama. Kama kuna lililo bora kuliko kitambaa chetu, tutaliiga kesho. Na mnaotaka kunilaumu, laumuni, nafasi iko.

Ila wazazi nina ombi moja. Kesho asubuhi kabla mlango wa basi haujafungwa, muulizeni anayempokea mtoto wenu anaitwa nani. Mtazameni usoni anapojibu. Halafu njooni mniambie ni wangapi kati yenu mlikuwa hamjui.